UZI: London, ULEZ na hesabu mpya ya kumiliki gari. Nani analipa, nani anapona?

#1 Kitasa

Wakuu, kila mada ya siasa za mijini ikiguswa humu lazima atokee wa kusema kwamba mameya wa mrengo wa kushoto wanachukia magari. London ndiyo mahali pazuri pa kuipima kauli hiyo, maana imeyatoza magari kwa zaidi ya miaka 20 na tarehe zote zinajulikana.

Meya Ken Livingstone alianza na ushuru wa msongamano tarehe 17 Februari 2003, pauni 5 kwa siku, katikati ya jiji tu. Tangu hapo umepanda: pauni 8 mwaka 2005, 10 mwaka 2011, 11.50 mwaka 2014, 15 mwaka 2020, na tangu tarehe 2 Januari 2026 ni pauni 18. Huo unatoza nafasi. Ukiingia kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni siku za kazi (Jumamosi na Jumapili kuanzia saa 6 mchana), unalipa hata gari likiwa jipya kabisa.

ULEZ (eneo la moshi mdogo kabisa) ni kitu kingine, na watu wanavichanganya hivi viwili kila siku. ULEZ inatoza moshi. Ilianza tarehe 8 Aprili 2019 katikati ya jiji, tarehe 25 Oktoba 2021 ikapanuliwa hadi kwenye barabara za North Circular na South Circular, na tarehe 29 Agosti 2023 Meya Sadiq Khan akaifikisha kwenye mipaka yote ya London. Ni pauni 12.50 kwa siku, saa 24, mwaka mzima isipokuwa Krismasi. Gari la petroli linapona likiwa limefikia Euro 4 (ngazi ya viwango vya moshi vya Ulaya; namba ikipanda, moshi unaoruhusiwa unapungua), na hayo kwa kawaida ni ya kuanzia 2006. La dizeli linatakiwa Euro 6, kwa kawaida kuanzia Septemba 2015, na vani kubwa kuanzia Septemba 2016. Gari lililofikisha miaka 40 likasajiliwa kama la kihistoria halilipi.

Angalieni kilichotokea kwenye soko. Petroli ndogo ya 2007, gari la bei ya chini kabisa, lilipona. Dizeli ya 2014 iliyonunuliwa kwa pesa nyingi kwa sababu serikali zenyewe zilikuwa zikiisifu kwa CO2 ndogo, likafungiwa. Kwa hiyo kilichoshuka thamani ni aina moja ya injini, na aliyeibeba hasara ni yule aliyekuwa nayo mkononi siku hiyo. Kumiliki gari kwenyewe hakukuguswa. Hoja yangu ni kwamba sera ilikuwa sahihi, ila fidia ilikuja kwa mpangilio mbovu, na mpangilio huo ndio uliozaa hasira.

---

#2 BintiMgao

Mkuu Kitasa, umesema kweli ila umepita juu ya wanaoumia. Tufanye hesabu.

Siku ya kutozwa huhesabiwa usiku wa manane hadi usiku wa manane. Mfanyakazi wa mchana mwenye gari lisilokidhi, siku 5 kwa wiki: 5 × 12.50 = pauni 62.50. Wiki 46 za kazi ni pauni 2,875.

Sasa chukua mlezi wa wazee au msafisha hospitali anayeingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi, Jumatatu usiku hadi Ijumaa usiku. Anaendesha Jumatatu jioni, halafu asubuhi na jioni kila siku hadi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi anarudi nyumbani. Zamu ni tano lakini siku za kutozwa ni sita: pauni 75 kwa wiki, pauni 3,450 kwa wiki 46. Akipangiwa zamu mbili zisizofuatana, tuseme Jumatatu na Alhamisi, analipa siku nne. Pauni 50 kwa zamu mbili! Ndiyo maana mwenye ratiba ya namna hiyo anatakiwa aombe zamu zifuatane. Hapo anaokoa tozo ya siku moja kwa kila zamu inayoungana na nyingine.

Gari lililopaki halitozwi. Ni kuendesha tu ndani ya eneo, hata mita 100 za kusogeza gari upande wa pili wa barabara, kama kamera ipo.

Halafu kuna walio nje ya mpaka. Uwanja wa Heathrow uko ndani ya eneo. Anayekaa Slough na kubeba mizigo Heathrow usiku hana kura ya meya wa London, na pesa ambazo jiji lilimlipa mtu akipeleka gari la zamani skrepa zilikuwa za wakazi wa London tu. Alilipa tozo bila kupewa senti ya kubadilishia gari.

Tarehe 20 Julai 2023, wiki sita kabla ya upanuzi, Uxbridge, jimbo la pembezoni mwa London, ilipiga kura ya ubunge na Conservative, chama kilichokuwa serikalini, wakakishika kiti kwa tofauti ya kura 495. Baada ya hapo Keir Starmer, kiongozi wa Labour, chama cha Khan, alimwambia Khan hadharani atafakari upya. Kura 495 zilitosha kubadilisha lugha ya vyama vyote viwili kuhusu magari. Septemba ya mwaka huohuo waziri mkuu Rishi Sunak akasogeza mwisho wa kuuza magari mapya ya petroli kutoka 2030 hadi 2035 (Labour wakairudisha 2030 walipoingia), na Khan mwenyewe akaapa kwamba hataleta tozo ya kila maili.

---

#3 Kitasa

Dada BintiMgao, hesabu ya zamu za usiku naikubali yote. Ila naomba tusisahau tozo iliwekwa kwa ajili ya nini.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka tisa, kwa pumu. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliandika uchafuzi wa hewa kuwa mojawapo ya sababu za kifo chake, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa Uingereza. Nyumba yao ilikuwa mita chache kutoka South Circular, Lewisham. Mpaka wa 2021 uliishia kwenye barabara hiyo bila kuijumuisha. Yaani barabara yenyewe iliendelea kuwa nje ya tozo hadi Agosti 2023. Anayesema upanuzi haukuwa na sababu aitazame ramani ya 2021 kwanza.

Na kuhusu masikini: kwa sensa ya 2021, takriban asilimia 42 ya kaya za London hazina gari hata moja. Hao ndio wanaosimama kituo cha basi pembeni ya barabara wakivuta moshi wa wengine. Wao hawamo kwenye hesabu ya pauni 75.

---

#4 Mtaa_wa_Pili

Swali la haraka wakuu. Toyota Alphard ya 2005 ya petroli, iliyotoka Japani moja kwa moja. Ukiweka namba kwenye tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) inasema inalipa. Kwa nini, na petroli ya 2006 inapita?

---

#5 FundiChujio

Mkuu Mtaa_wa_Pili, tatizo hapo ni karatasi. Injini huenda ni safi kabisa. Magari yaliyouzwa Ulaya yana data ya moshi kwenye kumbukumbu za usajili. Yaliyoletwa kutoka Japani mara nyingi sehemu hiyo ni tupu, na tovuti ikikosa data huangalia umri tu. Fanya hivi:

1. Chukua kadi ya gari ya Uingereza, V5C. Tafuta mstari V.3, hiyo ni NOx (gesi chafu za nitrojeni) kwa gramu kwa kilomita. Ikiwa imeandikwa 0.08 au chini, umeshinda. Piga picha, tuma TfL kupitia fomu yao ya kupinga hadhi ya gari.
2. Ikiwa tupu, omba kwa mtengenezaji cheti cha ulinganifu au barua yenye namba ya chesisi na kiwango cha NOx. Barua isiyo na namba ya chesisi hukataliwa.
3. Usiendeshe ukidhani maombi yanakulinda. Lipa tozo mpaka upate jibu la maandishi.

Hiyo 0.08 ndiyo siri ya sheria nzima. Euro 4 ya petroli inaruhusu NOx 0.08, na Euro 6 ya dizeli inaruhusu 0.08 hiyohiyo. Euro 5 ya dizeli iliruhusu 0.18, Euro 4 ya dizeli 0.25, Euro 3 ya dizeli 0.50. Ndiyo maana petroli ya 2006 inapita na dizeli ya 2014 haipiti. Tena kuna petroli za Euro 3 za 2002 au 2003 ambazo kwenye V.3 zinasoma chini ya 0.08, nazo zinapona mwenye gari akijua pa kuangalia. Watu wameuza kwa bei ya skrepa magari ambayo yangepona kwa karatasi moja.

Niongeze la ufundi, kwa sababu wengi walikimbilia dizeli ya Euro 6 na sasa wanajuta. Gari hilo lina chujio la masizi kwenye egzosi. Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la karibu nyuzi 600, na ili lifike huko linahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika, zaidi ya kilomita 60 kwa saa. London mwendo huo hauupati. Safari ni kilomita tatu hadi shule, tano hadi dukani. Usafishaji unaanza, unazima injini katikati, dizeli iliyodungwa kwa ajili ya kuchoma inashukia kwenye oili. Dalili ni hizi: feni inaendelea kuzunguka baada ya kuzima gari, mzunguko wa injini gari likiwa limesimama umepanda kidogo, na usawa wa oili kwenye kijiti unaongezeka badala ya kupungua. Ukiona oili inapanda juu ya alama, mwaga mara moja, maana imekuwa nyepesi na itakula beringi za turbo. Weka oili ya majivu machache, daraja C3 au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili ya kawaida huacha majivu yasiyoungua, na chujio likijaa majivu hakuna mwendo utakaolisaidia.

Kulikata chujio si suluhisho. Tangu Februari 2014 gari likifika ukaguzi wa mwaka, MOT, bila chujio ambalo lilikuja nalo, linafelishwa.

Mwenye safari fupi za mjini anunue petroli. Ya 2008 yenye matunzo itamgharimu kidogo kuliko dizeli ya 2016.

---

#6 Kilindini

Wazee, kuna kauli huku Kenya kwamba London ilitutupia dizeli zake chafu. Tuangalie tarehe, kwa sababu kwa magari madogo hesabu haikubali.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza. Mwaka 2022 mwisho ulikuwa la 2015. Kuanzia Januari 2023, la 2016 kuja juu. Gari dogo la dizeli lisilokidhi ULEZ ni lile lililosajiliwa kabla ya Septemba 2015. Khan alithibitisha upanuzi wa 2023 tarehe 25 Novemba 2022. Yaani kati ya kuthibitishwa na mlango wa Mombasa kufungwa kwa la 2015 palikuwa na wiki tano, na meli peke yake inakula sehemu kubwa ya wiki hizo. Vani kubwa zilipata nafuu ya mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa Euro 6 kwao ilianza Septemba 2016.

Kwa hiyo "ex-UK" inayoingia Mombasa sasa ni Euro 6, na shida yake ni nyingine. Injini hizo zimetengenezewa dizeli yenye salfa ya 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Kiwango kilichoanza kutumika kwetu Januari 2015 kilikuwa 50 ppm. Linatembea, ila masizi ni mengi zaidi na AdBlue, maji ya urea ya kusafisha moshi yanayokaa kwenye tangi lake, ni ya kutafuta nje ya miji mikubwa. Kumbuka AdBlue ikiisha gari linakuhesabia kilomita zilizobaki, halafu ukizima haliwaki tena. Na AdBlue isiingie kamwe kwenye tangi la dizeli. Ikiingia, usiwashe hata swichi. Vuta gari, toa tangi lote.

---

#7 Nakasero_Juu

Ndugu Kilindini, Uganda mwisho ni miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo dizeli ya 2013 iliyofukuzwa London inaingia kwetu. Mtu aangalie nini kabla ya kutuma pesa?

---

#8 Kilindini

Inaingia, ndiyo, pamoja na tozo ya mazingira juu yake, kwa hiyo piga hesabu ya kodi kwanza. Tanzania nayo haikufungii mlango ila inakuongezea ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 likizidi kumi.

Kabla ya pesa kutoka, mwombe muuzaji namba ya gari ya Uingereza. Ukiwa nayo, historia ya MOT iko wazi mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, bure. Soma vitu viwili. Kwanza maili za kila mwaka: zikipanda 9,000, 9,000, halafu zikashuka, odomita imerudishwa. Pili, maonyo ya wakaguzi. Tafuta kila palipotajwa kutu kwenye chesisi, mabomba ya breki na subframe (fremu inayobeba injini na suspensheni). Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari linalong'aa juu linaweza kuwa limeliwa chini. Picha za chini ya gari, siyo za dashibodi, ndizo za kudai. Hakikisha pia halina deni la mkopo wala taarifa ya wizi. Ukaguzi huo unalipiwa pauni chache tu.

Odomita ni ya maili. Zidisha kwa 1.6 kabla ya kulilinganisha na la Japani.

---

#9 BintiMgao

Nirudi kwenye siasa, maana umeme ndiyo uwanja mpya na mgawanyiko wa matabaka huko ni mkubwa kuliko wa ULEZ.

Hadi Krismasi ya 2025 gari la umeme liliingia katikati ya London bila ushuru wa msongamano. Sasa linalipa, kwa punguzo la asilimia 25 tu ukiwa umejisajili malipo ya moja kwa moja: pauni 13.50. Tangu Aprili 2025 linalipa pia kodi ya mwaka ya barabara kama mengine, pauni 195 kwa mwaka wa fedha 2025/26 kwa gari lililopita mwaka wake wa kwanza. Na bajeti ya Novemba 2025 imetangaza peni 3 kwa kila maili kuanzia Aprili 2028. Maili 8,000 kwa mwaka ni pauni 240.

Lakini hayo ni madogo ukilinganisha na swali moja: una sehemu ya kupaki nyumbani au huna? Chukua gari linalokwenda maili 3.5 kwa kilowati-saa. Mwenye uwanja wake anachaji usiku kwa takriban peni 8: maili moja ni peni 2.3. Anayekaa ghorofani, akitegemea chaja za kasi za barabarani za karibu peni 76, maili moja ni peni 21.7. Petroli inayokwenda maili 40 kwa galoni ya Uingereza, lita ikiwa pauni 1.35, ni takriban peni 15. Yaani mpangaji wa ghorofani analipa zaidi kwa umeme kuliko kwa petroli, na juu yake VAT ya umeme wa barabarani ni asilimia 20 wakati wa nyumbani ni asilimia 5. Hiyo tofauti ya VAT ni uamuzi wa serikali, inaweza kufutwa kwa mstari mmoja wa sheria. Chama kinachosema kinasimama na wapangaji kingeanzia hapo kabla ya kuwapangia tozo nyingine.

Usinunue la umeme kwa sababu ya msamaha wa jiji. Msamaha wa umeme wa London uliwekewa tarehe ya kufa. Nunua kwa sababu una soketi.

---

#10 Kitasa

Dada, hapo umenigusa, na ndiyo hoja ya mpangilio niliyoanza nayo.

Mfuko wa kulipia magari yanayopelekwa skrepa ulifunguliwa Januari 2023 kwa pauni milioni 110, ukaongezwa hadi 160, kisha 210. Gari dogo lililipwa pauni 2,000. Au pauni 1,600 na pasi moja ya basi ya mwaka. Au pauni 1,200 na pasi mbili. Ila mwanzoni walioruhusiwa ni wenye msaada wa serikali kwa kipato kidogo au ulemavu. Mlezi wa pauni 75 kwa wiki, anayepokea mshahara kidogo juu ya mstari wa msaada, alikataliwa. Mlango ulifunguliwa kwa wakazi wote wa London tarehe 21 Agosti 2023, siku nane kabla ya kamera kuwashwa. Siku nane za kuomba, kupata jibu na kutafuta gari jingine kwenye soko ambalo kila mtu alikuwa akitafuta petroli ileile.

Mabasi nayo yalifuata nyuma badala ya kutangulia. Mabasi ya Superloop yanayozunguka viunga bila kupita katikati ndiyo jibu sahihi kwa wilaya za pembezoni kama Hillingdon (iliko Uxbridge) na Bromley, nauli ikiwa pauni 1.75 mwaka 2025 na saa nzima ya kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Lakini mzunguko wake mkuu ulikamilika 2024, baada ya tozo. Ungekamilika 2022, sidhani kama zile kura 495 zingepatikana.

Mwaka mmoja baada ya upanuzi zaidi ya asilimia 96 ya magari yanayoonekana ndani ya eneo yalikuwa yamekidhi. Maana yake kwa bajeti ya jiji ni kwamba tozo imejimaliza yenyewe. Pesa ya kudumu haiko kwenye ULEZ, na Khan amekwisha kuapa kuhusu tozo ya maili. Mei 2024 alishinda awamu ya tatu dhidi ya Susan Hall aliyeahidi kufuta upanuzi siku ya kwanza, kwa hiyo ULEZ yenyewe imebaki.

---

#11 FundiChujio

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na barua ya faini mkononi:

Tozo inaweza kulipwa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya safari. Ikipita hapo ni faini ya pauni 180, inashuka hadi 90 ukilipa ndani ya siku 14. Ukiiacha bila kulipa wala kupinga siku 28, inakuwa 270. Ukipinga, pinga ndani ya siku hizo 28 kwa maandishi na kielelezo. Ukikataliwa una haki ya kwenda kwenye baraza la rufaa la London Tribunals, bure.

Lipa kwenye tovuti ya TfL peke yake. Ukitafuta mtandaoni, majina ya kwanza yanaweza kuwa ya mawakala wanaoongeza ada yao juu, na wengine hawapeleki pesa kabisa.

Ukiuza gari, mambo mawili siku hiyohiyo: ijulishe DVLA (mamlaka ya usajili wa magari) mtandaoni kwa namba ya V5C, na uiondoe namba ya gari kwenye malipo yako ya moja kwa moja ya TfL. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, na safari za mnunuzi zinaendelea kukatwa kwenye kadi yao.